Shajara ya mradi: kutuliza mvumo wa jakuzi ya hewa, Bel-Air, Lubumbashi

Mei, wiki ya mwisho

Naanza kuandika leo kwa sababu mama jirani alikuja Jumapili baada ya misa, akaketi barazani, akakubali chai, na alipomaliza ndipo akasema kilichomleta. "Papa, ile mashini yenu inatusumbuaka usiku. Muziki wa nganda, wa baa, unaishaka. Ile haiishi." Binti yake amejifungua hivi karibuni na analala na mtoto katika chumba cha uani kilichojengwa kwa kuegemea ukuta tunaougawana. Nilimwomba anipe muda nipime nijue hasa ni nini kinachopita ukutani. Aliitikia, akaongeza kwamba hataki tuizime kabisa, maana anajua ni ya nani.

Ni ya baba. Magoti na kiuno vilimkaza baada ya miaka mingi ya kusimama karakanani, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimshauri ajinyooshe ndani ya maji ya moto kila siku. Kaka yangu mkubwa akanunua jakuzi ya kupulizwa Afrika Kusini, ikapita mpakani Kasumbalesa, ikafika hapa ikiwa imekunjwa ndani ya boksi. Ni duara la plastiki nene, upana wake karibu mita mbili, linabeba lita 800 hivi za maji. Pembeni yake kuna kisanduku cha mashini chenye vitu vitatu: pampu ndogo ya kuzungusha maji na kuyapitisha kwenye filta, hita ya kilowati 2, na kipulizia cha mapovu cha wati 700. Imemsaidia sana mzee. Siku hizi anapanda ngazi za baraza bila kushika ukuta. Kwa hiyo kazi yangu ina pande mbili: baba apate maji yake ya moto, na mtoto wa jirani apate usingizi wake. Upande mmoja ukikosekana, sitasema nimemaliza.

Juni, Jumamosi ya kwanza

Jana usiku nilipima kwa programu ya simu inayosoma desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Namba za simu si za maabara, lakini simu ileile, ikiwekwa mahali palepale na kuelekezwa vilevile, inatosha kulinganisha jana na leo. Nilisimama upande wa jirani, kwa ruhusa yao, chini ya dirisha la chumba cha binti.

Kila kitu kikiwa kimezimwa: 34. Pampu peke yake: 46. Pampu pamoja na hita: 46 ileile, maana hita yenyewe haina sauti. Mapovu yakiwashwa: 61.

Mtu angedhani adui ni mapovu. Kwa sikio ndiyo yanayopiga kelele zaidi, lakini baba anayawasha dakika chache tu jioni, kisha basi. Pampu ndiyo inayokesha. Kila maji yanapopoa kidogo, mashini inajiwasha yenyewe ili hita ifanye kazi, na katika baridi ya sasa inaunguruma sehemu kubwa ya usiku. Tena sauti yake ni ya noti moja isiyobadilika. Masikio ya binadamu huchoshwa zaidi na sauti ya namna hiyo kuliko kelele mchanganyiko yenye nguvu sawa, ndiyo maana viwango vingi vya upimaji huiongezea sauti ya noti moja desibeli kadhaa za adhabu. Mama jirani alikuwa amelieleza jambo hilo vizuri kabisa kwa maneno yake ya muziki wa nganda.

Lengo nimelichukua kwa Shirika la Afya Duniani: mwongozo wao wa mwaka 1999 unataka kelele chumbani usiku isizidi desibeli 30, na nje ya dirisha isizidi 45. Nje tupo juu yake kidogo. Ndani ya chumba cha binti, dirisha likiwa limefungwa, simu ilisoma 38. Hiyo 38 ndiyo iliyonishangaza. Kwa dirisha lililofungwa na ukuta wa matofali, ilitakiwa kushuka zaidi ya hapo. Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unatetemeka.

Juni, katikati

Kabla ya kugusa chochote, niandike kwa nini msimu huu ni mgumu, kwa sababu Februari hakuna aliyelalamika, na mashini ni ileile.

Sababu ya kwanza ni joto. Juni na Julai usiku wa hapa unashuka chini ya nyuzi 10, na maji ya nyuzi 39 yanapoteza joto haraka, hivyo pampu inafanya kazi zaidi. Sababu ya pili iko hewani. Wakati wa kiangazi anga liko wazi, na jua likishatua ardhi inapoa upesi. Hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu yake. Sauti ikipita katika hewa ya namna hiyo inapindishwa kurudi chini badala ya kupaa na kupotea. Ni sababu ileile inayofanya moshi wa makala (mkaa) ulale juu ya mtaa jioni hizi badala ya kupanda. Anayeishi hapa anajua kwamba Julai honi ya treni inasikika kutoka mbali ambako Desemba haisikiki. Pampu yetu nayo inasafiri hivyo.

Sababu ya tatu ni mtaa wenyewe kuwa kimya. Msimu wa mvua kuna vyura, kuna mvua kwenye mabati. Sasa hakuna cha kuufunika mvumo.

Juni, Jumamosi iliyofuata

Kazi ya kwanza: miguu ya mashini.

Kisanduku kilikaa moja kwa moja juu ya sakafu ya zege ya uani. Sakafu hiyo ilimwagwa mpaka ukutani, bila nafasi, na ule ukuta ndio chumba cha binti kinauegemea. Njia ni moja: mota, zege, ukuta, chumba. Niliweka kikombe cha bati chenye maji juu ya zege, hatua moja kutoka kwenye kisanduku, nikamulika kwa tochi ya simu. Maji yalikuwa na miduara myembamba, imesongamana, inatoka ukingoni kwenda katikati bila kukoma. Nilipozima, uso wa maji ukatulia mara moja. Nilimwita binti wa jirani aje aone. Alitazama kikombe, akatazama ukuta wa chumba chake, hakuuliza tena.

Fundi aliyekuja kunisaidia alileta kipande cha mkanda wa mpira wa mgodini, ile mikanda mizito ya kubebea mawe inayouzwa ikishachakaa. Mpira wa unene wa sentimita moja na nusu, wenye nyuzi ndani. Tukauweka chini ya kisanduku. Kikombe kiliendelea na miduara yake kana kwamba hatukuweka kitu. Sababu inaeleweka: kisanduku kina uzito wa kilo 10 tu hivi, na mpira ule umetengenezwa kubeba tani. Mpira usiobonyea chini ya mzigo hauzuii mtetemo, unaupitisha. Kinachotakiwa ni kitu laini chini na kitu kizito juu.

Tukafanya hivi. Chini kabisa, mpira wa ndani wa baiskeli, uliojazwa hewa kidogo tu, kiasi cha kuinua uzito bila kukakamaa. Juu yake bamba la zege la kutembelea bustanini, la kilo 30 hivi. Juu ya bamba, kisanduku. Hewa ndani ya mpira inakuwa springi, bamba linakuwa uzito unaoigomea mota. Ukilisukuma bamba kwa kidole linayumba polepole, na huko kuyumba polepole ndiko tunakokutafuta: kitu kinachoyumba polepole hakiwezi kufuata mota inayotetemeka mara 100 kwa sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na mota za aina hii hutetemeka mara mbili ya hapo.

Kikombe: hakuna miduara. Chumbani kwa binti: 32.

Angalizo kwa atakayejaribu: pima usawa kwa pimamaji ya fundi mwashi, na uhakikishe viungo vya mabomba kati ya kisanduku na jakuzi havivutwi wala kupindwa. Bamba likiinua kisanduku sentimita tano, viungo vinabeba uzito ambao havikutengenezewa. Sisi tuliinua na jakuzi yenyewe, na kilichotumika kuiinulia kimekuja kuwa muhimu kuliko vyote. Nitalifikia.

Juni, mwisho

Tumemwaga maji na kuigeuza jakuzi. Maji yalikaa wazi siku kadhaa bila kuongezwa klorini kabla hatujayaelekeza kwenye matembele na lengalenga za mama. Klorini inapungua yenyewe kwa jua na hewa.

Kwa nini kuigeuza? Kisanduku kilikuwa kwenye kona ya ukuta wa lupango (kiwanja chetu) na ukuta wa stoo, kwa sababu prizi ilikuwa hapo. Kona ni mahali pabaya pa kuweka kitu kinachopiga kelele. Kila ukuta mgumu ulio karibu unairudisha sauti, na unaweza kuongeza hadi desibeli 3. Kuta mbili zinajumlisha. Sasa kisanduku kinatazama mwembe, na jakuzi yenyewe iko katikati, kati ya mashini na jirani. Lita 800 za maji ni ukuta wenye uzito wa kilo 800 hivi, na hatukuujenga.

Prizi imehamishwa na fundi umeme mwenye kazi yake, si kwa waya wa kuunganisha uliolala kwenye nyasi. Ameweka waya wa ardhi na disjonkta ya kinga ya miliampea 30, ile inayokata mara tu umeme unapovuja. Maji, miguu mitupu na mzee wa zaidi ya miaka 70 pamoja: hapa sibani matumizi hata senti moja.

Nje ya dirisha la jirani, pampu peke yake: 40.

Julai, wiki ya kwanza

Kizuizi. Yule fundi alipendekeza tufunge mashini ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko, limalize kelele moja kwa moja. Nilikataa, na natamani wengine wakatae pia. Kipulizia cha mapovu kinavuta hewa nyingi. Mota zinahitaji kupoa. Na hewa yenye unyevu ikifungiwa pamoja na umeme inaleta kutu kwanza, hatari baadaye. Mashini iliyofungiwa inajipasha moto, kisha inajizima au inaungua.

Tukajenga pande tatu tu, upande wa nne ukiwa wazi kuelekea mwembe, na nafasi ya sentimita 30 kuzunguka kisanduku. Hapa ndipo ule mkanda wa mgodini ulipopata kazi yake. Sauti inayopita hewani inazuiwa na uzito: ukizidisha uzito wa kizuizi mara mbili, unapata desibeli 6 hivi zaidi. Mkanda ni mzito, hauna tundu, mvua haiuharibu. Tuliupigilia kwenye fremu ya mbao, ukagusa udongo chini bila kuacha mwanya, maana mwanya mdogo chini unaharibu kazi ya kizuizi kizima. Kimo chake ni mita moja na robo, juu ya mstari wa kuonana kati ya kisanduku na dirisha la jirani. Ndani tumeubandika pamba ya mawe, ile wanayofunikia mabomba ya moto viwandani, tukaishona ndani ya kitambaa cha chandarua. Pamba hiyo haishiki moto, na inameza ile sauti kali ya kipulizia badala ya kuirudisha. Godoro la sponji lingemeza pia, lakini linawaka, na pale kuna hita.

Mapovu yamedondoka sana: 61 ikawa 50. Pampu kidogo tu: 40 ikawa 38. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Sauti ya mapovu ina mawimbi mafupi, kizuizi kinayakamata. Mvumo wa hezi 100 una wimbi la urefu wa mita 3.4, na wimbi refu hivyo linazunguka ukingo wa kizuizi cha mita moja na kuendelea na safari. Anayetegemea kizuizi peke yake kwa mvumo wa pampu atatumia pesa nyingi na kubaki na jirani mwenye hasira.

Julai, katikati

Sasa lile nililosema nitalifikia.

Tulipoinua jakuzi, tulitandika chini yake bamba za povu jepesi la kukinga joto, unene wa sentimita tano. Niliziweka kwa ajili ya usawa na viungo vya mabomba. Asubuhi yake nilipima maji kwa kipimajoto. Kabla ya hapo, tukizima kila kitu saa nne usiku maji yakiwa nyuzi 39, asubuhi saa kumi na mbili tulikuta 34. Sasa tukakuta 35 na nusu. Zege baridi la Juni lilikuwa linanyonya joto kutoka chini usiku kucha.

Hapo mradi uligeuka. Nilikuwa nawaza jinsi ya kuizuia sauti isifike kwa jirani. Kumbe swali lililo bora ni kwa nini mashini inawaka usiku, na jibu ni kwamba joto linatoroka. Ukiliziba joto, pampu haina sababu ya kujiwasha.

Kwa hiyo: shuka la povu linaloelea juu ya maji, limekatwa duara, chini ya kifuniko cha kawaida. Mvuke ndio mwizi mkubwa wa joto, na shuka linalogusa maji linamnyima nafasi. Kifuniko kimefungwa kwa mikanda mpaka hakuna ukingo ulioinuka. Blanketi mbili kuukuu zimezungushwa ubavuni, juu yake turubai. Asubuhi: 37.

Hesabu ni hii. Kuongeza joto la lita 800 kwa nyuzi 1 kunataka kilowati-saa 0.93. Kurudisha nyuzi 5 ni karibu kilowati-saa 4.7, kurudisha nyuzi 2 ni 1.9 hivi, yaani kama saa moja ya hita. Saa moja hiyo inapatikana mchana, wakati seremala wa kona anapiga randa na pikipiki zinapita, na hakuna mtoto anayeamshwa na pampu.

Mchana kuna faida nyingine ambayo wenye umeme imara hawaifikirii. Jioni volti za mtaa zinashuka. Nguvu ya hita inafuata mraba wa volti: kwa volti 180 badala ya 220, hita ya kilowati 2 inabaki na 1.3 hivi. Kazi ya saa mbili inakuwa ya saa tatu, na pampu inaunguruma muda wote huo.

Julai, wiki ya mwisho

Saa ya kuwasha na kuzima. Ile ya bei rahisi, ya gurudumu lenye meno, haifai hapa. Umeme ukikatika gurudumu linasimama, umeme ukirudi linaendelea kutoka pale liliposimama. Umeme ukikatika mchana kwa muda wa saa nne, ratiba yote inasogea mbele kwa saa nne, na hita iliyopangwa kumaliza alasiri inawaka usiku wakati binti amemlaza mtoto. Tumeweka ya kidijitali yenye betri ndani, ya ampea 16. Hita inavuta ampea 9 na saa dhaifu zinayeyuka. Inawasha saa nne asubuhi, inazima saa kumi alasiri. Muda huo unatosha kwa joto na kwa kuchuja maji.

Umeme ukikosekana mchana mzima, jakuzi inapoa na baba anasubiri kesho. Jenereta hatuiwashi kwa ajili ya jakuzi. Nilimweleza, akasema, "Mwanangu, nilipokuwa na mtoto mchanga na mimi nilitaka kimya."

Agosti

Pampu ilianza kukoroma mchana. Filta ilikuwa imejaa, pampu inavuta kwa shida na kumeza hewa. Tumeisuuza, sasa inasuuzwa kila baada ya siku tatu. Hita nayo ilikuwa na ganda jeupe. Maji ya visima vya hapa yanatoka kwenye miamba ya dolomiti na yana chokaa nyingi, na ganda hilo linafanya hita ichelewe na maji yachemkechemke kwa sauti ndani ya bomba. Siki iliyozimuliwa, mzunguko mmoja, kisha kumwaga na kusuuza.

Vipimo vya jana, saa tano usiku, chumbani kwa binti: 28, mashini ikiwa imelala. Mchana ikiwaka: 31 dirisha likiwa limefungwa. Mapovu tumekubaliana na mama jirani: mwisho saa mbili usiku, na Jumapili kabla ya chakula cha mchana. Alipendekeza Jumapili yeye mwenyewe, ili baba asiharakishwe.

Kilichobaki kabla ya mvua za Novemba: kubadilisha mpira wa baiskeli, unaopoteza hewa pole pole na kulilaza bamba upande mmoja, kuweka paa dogo la makuti juu ya mashini, si bati, kwa sababu ya kelele ya mvua, na kumpa fundi wa jirani vipimo vya bamba na mpira, maana pampu yao ya tangi la maji imefungwa kwenye ukuta huohuo na baba anaisikia alfajiri.